Kabla ya Makofi: Kumuaga Sista Restuta wa Kliniki ya Alhamisi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Restuta Kokugonza anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, na miaka hiyo yote, ukiondoa ile aliyokwenda kuongeza masomo, ameitumikia Dodoma. Alianzia wodi ya watoto na anamalizia kitengo cha moyo. Katikati hapo amegombana na karibu kila mtu aliyewahi kuvaa koti jeupe katika hospitali yetu, akiwemo mwandishi wa wasifu huu. Leo tumekuja wote kumuaga, na wengi wetu tumewahi kufika, kwa kuwa tunajua jicho analowatazamia wanaochelewa.

Kwa wageni waalikwa, nianze na jambo moja. Kwenye ratiba mliyoishika, baada ya kusomwa wasifu huu na kabla ya makofi, mtaona pameandikwa "Ukimya." Msishtuke, hakuna msiba. Ni ombi la mstaafu mwenyewe, na sababu yake ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia. Alinipa na sharti la pili, kwamba nisipoliandika kosa lake, yeye hatakuja kwenye sherehe. Nilimweleza kuwa wasifu wa mstaafu hauandikwi hivyo, mtu husifiwa tu halafu watu wakaenda kula. Akanijibu, "Wewe Cornel, sema ukweli kwanza. Ukibaki na nafasi, nisifu." Basi nimetii, kama ambavyo nimekuwa nikitii miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Sista Restuta alizaliwa Kagera, kwa watu ambao bila ndizi mezani huhesabu kuwa hawajala. Alishuka stesheni ya Dodoma akiwa binti mdogo mwenye cheti cha uuguzi, begi moja na mkungu wa ndizi, kwa sababu mama yake alikuwa amesikia huku ni kukavu na aliogopa mwanawe asije akafa njaa. Ndizi ziliisha upesi, binti akabaki. Vumbi alilizoea, upepo aliuzoea, hata mgao wa maji aliuzoea. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Mtu huyu anayetafuna senene, wale panzi wa kwao, kiganja kizima kama karanga, alikuwa akiona mlenda unavutika kutoka kwenye bakuli anageuza uso na kuomba samahani. Wenzake wa Kigogo walimcheka kwa miaka. Naomba mkumbuke hilo la mlenda, tutalirudia.

Kwenye wodi ya watoto ndiko alikokutana na mioyo. Waliletwa watoto ambao nyumbani walishapewa sifa ya uvivu, wanaokaa chini wenzao wakikimbia, kumbe tatizo ni la kuzaliwa nalo. Nieleze kidogo, maana si kila aliyeko ukumbini ni mtu wa hospitali. Damu inayotoka kwenye moyo kwenda mwilini hupita kwenye mlango uitwao mlango wa aota. Kwa kawaida mlango huo una vipande vitatu laini vinavyofunguka na kujifunga kila moyo unapopiga. Wapo watu wanaozaliwa na vipande viwili, au vitatu vilivyogandamana. Wengine huumwa wakiwa wachanga. Wengine hukua, wakaoa, wakalima, wakazeeka bila kujua, mpaka siku vile vipande vinapokakamaa na njia ya damu inakuwa nyembamba. Hapo mtu anaishiwa pumzi, kifua kinambana, anaanguka sokoni watu wakadhani ni njaa. Vidonge havitengenezi mlango uliokakamaa. Lazima utanuliwe au ubadilishwe, na enzi zile kazi hiyo ilifanyika mbali. Sista Restuta aliwasindikiza watoto hao hadi kwenye gari, akawafunga vizuri blanketi, akarudi wodini. Baadhi yao hakuwaona tena. Haongei sana kuhusu hao, na mimi sitaongea zaidi.

Kwa hiyo kitengo cha moyo kilipoanzishwa hapa kwetu, aliomba kuhamia kabla tangazo halijakauka wino. Wenzake wa rika lake walikuwa tayari wanazungumzia kufuga kuku. Yeye akaenda kukaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa, akajifunza namna ya kumlea mtu aliyetoka kufunguliwa kifua, na akarudi mkali zaidi kuliko alivyoondoka. Mheshimiwa mmoja, jina naliacha, aliwahi kufika na msafara wake kumwona ndugu yake nje ya saa za kutazama wagonjwa. Sista alimwamkia vizuri, akampa pole kwa safari ya kutoka bungeni, akamwonyesha benchi. Mheshimiwa akakaa. Siku hizi akija anapiga simu kwanza kuuliza saa.

Ukali huo ulikuwa sifa yake, na sisi tulijivunia. Kliniki ya Alhamisi, ambayo ni ya watu waliobadilishiwa milango ya moyo, ilikuwa kliniki yake. Wagonjwa walikuja wamenyooka. Na hapa ndipo linapoingia kosa alilonitaka niliseme.

Miongoni mwa wagonjwa wake yumo Erica, mama wa watoto wawili, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa moja pale Ipagala. Erica alizaliwa na mlango wa vipande viwili na hakujua. Alianza kuishiwa pumzi kwenye mazoezi ya kwaya, akadhani ni unene. Siku alipozimia akiwa anafua, ndugu wakamleta, nami nikampima kwa mashine ya eko, ile inayoonyesha moyo ukiwa unacheza. Mlango wake ulikuwa mgumu na unafunguka kidogo mno. Daktari Jatin, mpasuaji wetu, mtoto wa mjini hapa ambaye babu yake aliuza misumari na mabati barabara ya pili, alikaa naye na mumewe akawaeleza njia zilizopo. Upo mlango bandia unaotokana na wanyama, ambao hauhitaji dawa za maisha ila huchakaa na mtu hufunguliwa tena. Upo wa kaboni, mgumu, unaodumu, ila mwenye nao humeza kila siku, maisha yake yote, vidonge vya kuzuia damu isigande. Erica alisema watoto anao tayari, na kufunguliwa kifua mara mbili hataki hata kusikia. Akachagua wa kaboni.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Moyo ulisimamishwa, mashine ikafanya kazi yake, mlango uliokakamaa ukakatwa, mpya ukashonwa, na moyo ukaanza tena. Erica akarudi Ipagala na kitu ambacho hakuwa nacho, mlio. Mlango wa kaboni ukijifunga hulia tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofichwa chini ya gauni. Wanakwaya walimtania sana. Anjelina, anayeketi naye benchi moja, alikuwa akimwambia kwamba mahubiri yakirefuka yeye ndiye atakayempa mchungaji ishara.

Sasa, vile vidonge vina mgomvi wao. Ndani ya mboga za majani kuna kitu kinachosaidia damu kuganda. Mtu akila mboga nyingi, nguvu ya dawa inapungua. Akiacha mboga ghafla, nguvu inazidi. Ndiyo maana damu hupimwa kila kliniki ili dawa ipunguzwe au iongezwe. Sista Restuta alilichukua somo hilo kwa mkono wa chuma. Amri yake kwa wote ilikuwa moja, mboga za majani marufuku, na mlenda marufuku mara mbili. Nadhani ile ya mara mbili aliitoa kwa chuki binafsi. Aliyekiri kula aligombezwa mbele ya benchi zima mpaka mwenye kiti cha nyuma anatazama viatu vyake.

Jamani, hapa ni Dodoma. Kumwambia Mgogo aache mlenda ni kumwambia aache kula. Ugali wa uwele unashuka na nini? Watu waliitikia "Ndiyo, Sista," wakaenda zao.

Erica aliendelea hivyo, damu yake ikipimwa inaonekana nzuri, wakati mwingine nyepesi kupita kiasi, na kila ilipokuwa nyepesi Sista alimjulisha daktari na vidonge vikapunguzwa. Kila kitu kilifuata utaratibu. Tulikuwa tunampongeza.

Halafu ikaja Jumapili moja. Kanisani walikuwa wamefika kwenye sala ya kimya, kila mtu kainamisha kichwa. Anjelina ndiye aliyesimulia baadaye. Alisema alikuwa anaomba, ila kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, hajui ni nini, kama mtu aliyesahau kufunga mlango wa nyumba. Akafumbua macho. Akasogea mpaka bega lake likagusa bega la Erica, akatega sikio, na hakusikia chochote.

"Erica, saa yako mbona imenyamaza?" akamnong'oneza.

"Hata mimi naona leo nimechoka tu," Erica akamjibu.

Anjelina hakusubiri amina. Alimshika mkono wakatoka kwa mlango wa pembeni, na mchungaji akiwaangalia. Nilikuwa zamu. Nilipoweka kifaa cha eko kifuani mwa Erica niliona kipande kimoja cha ule mlango kimeshikwa kabisa na bonge la damu, na cha pili kinajitahidi peke yake. Daktari Jatin aliitwa kutoka kwenye harusi ya binamu yake, akaja na nguo za sherehe na manukato yake. Kifua ambacho Erica hakutaka kifunguliwe mara mbili kikafunguliwa mara ya pili. Bonge lilitolewa, mlango ulioshikwa ukaondolewa, ukawekwa mwingine. Hatukuwa na uhakika atatoka.

Alitoka. Na alipoweza kuzungumza, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda chake alikuwa Sista Restuta, ambaye zamu yake ilikwisha zamani. Sista alimuuliza, kwa upole ambao sisi hatukuujua, kama alikuwa anaruka dawa.

"Sijaruka hata siku moja, Sista," Erica akasema. "Ila mlenda sikuacha. Naacha siku kadhaa kabla ya kuja kliniki, ili usinigombeze. Nikitoka kwako narudia."

"Na si mimi tu," Erica akaongeza. "Wote tunafanya hivyo. Tukikutana pale kwenye benchi tunaulizana, wewe umeanza kuacha lini?"

Mnaelewa kilichokuwa kinatokea? Mtu anaacha mlenda kabla ya kliniki, dawa inazidi nguvu, damu inaonekana nyepesi. Sisi tunapunguza vidonge. Anarudi nyumbani kwenye mlenda wake na vidonge vilivyopunguzwa, na damu inaanza kuganda pale pale kwenye mlango tulioushona kwa mikono yetu. Kila Alhamisi tulikuwa tunapima damu ya watu wanaomwogopa Sista, na si ya watu wanaoishi Ipagala, Zuzu na Kolo. Daktari Jatin alisema kosa ni la kitengo kizima, na kweli ni la kitengo kizima, sote tulikuwa tunaona vipimo vile. Sista hakukubali kugawana. Alisema, "Mtoto wa watu amekaribia kufa kwa kuniheshimu." Akatoka, na nilimkuta nyuma ya chumba cha dobi, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, analia kama mtu aliyefiwa.

Nimefanya kazi na watu wengi hodari, na kosa likiwafika wengi wetu hutafuta pa kulilaza. Ninampenda Restuta kwa sababu ya Alhamisi iliyofuata.

Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi kama kawaida yao, wamenyooka. Aliingia bila faili lolote mkononi. Akawaeleza habari ya Erica, jinsi ilivyokuwa, bila kujificha. Kisha akauliza, "Nani ameacha mboga wiki hii kwa ajili yangu?"

Watu wakatazama sakafu. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mzee Mehboob, muuza vitambaa, aliyezaliwa na mlango wa vipande viwili na akagundulika akiwa na wajukuu. "Mimi mlenda sili, Sista," akasema, "lakini mchicha wa mke wangu Shirin siwezi kuuacha, nitaachika mimi." Benchi likacheka, na mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja, hadi ikawa benchi zima.

Hakumgombeza mtu. Alisema, "Alhamisi ijayo mniletee huo mlenda."

Waliuleta. Mbichi, mkavu wa kusaga, wenye karanga, wenye magadi, na sufuria la ugali wa uwele lililofungwa kwa kanga. Sista Restuta alinawa, akamega tonge, akachovya, na mlenda ukamfuata kutoka bakulini hadi kidevuni mbele ya macho ya watu wote. Aliumeza huku amefumba macho. Mama mmoja wa Zuzu akamwambia, "Pole mwanangu, la pili huwa linashuka lenyewe." Tangu siku ile kliniki ya Alhamisi huanza kwa chakula. Mtu anakula anachokula nyumbani, kiasi anachokula nyumbani, na anakula hivyo kila siku. Dawa ndiyo inayofuata sahani yake. Daktari Jatin aliunga mkono tangu mwanzo, na ndiye anayemaliza kachumbari.

Jambo la pili alilolianzisha ni msikilizaji. Siku hizi mtu wa mlango wa kaboni haruhusiwi kutoka wodini mpaka aje na mtu mmoja wa karibu, awe mume, jirani au mwanakwaya mwenzake. Sista humketisha mtu huyo karibu na kifua cha mgonjwa, anamwambia funga macho, sikiliza, huu ndio mlio wa mtu wako akiwa mzima. Ukibadilika au ukinyamaza, usiulize mtu, mlete. Msikilizaji wa kwanza alikuwa Anjelina, ambaye alikuwa ameshajifundisha mwenyewe kwenye benchi la kanisa. Tangu tuanze utaratibu huo wameletwa wengine kwa sababu masikio ya nyumbani yaliwahi kabla ya mashine yangu, na wako hai. Mmoja wao amekuja leo kutoka Kolo akiwa na mkewe, na amenikatalia nisimtaje kwa kuwa anaona haya.

Watu wanamuuliza Sista kama sasa anarudi kwao Kagera. Ndugu zake walishamwandalia chumba. Amewaambia atakwenda kuwasalimu na kula ndizi, kisha anarudi, kwa kuwa amejenga Zuzu. Nilikwenda kumtembelea wiki iliyopita. Pembeni ya nyumba, mahali ambapo Mhaya mwenye akili zake angepanda mgomba, amepanda mlenda. Nilimuuliza kama sasa ameupenda. Alisema hapana, bado ulimi wake hauupendi, ila ameuzoea kama mtu anavyomzoea mkwe.

Kliniki ya Alhamisi anamkabidhi Muuguzi Miriam, pamoja na sufuria. Miriam ni mpole, jambo ambalo litatusumbua mwanzoni.

Sista Restuta, asante. Asante kwa watoto uliowafunga blanketi, kwa vifua ulivyovilinda, kwa matonge uliyoyameza ukiwa umefumba macho, na kwa kutukaripia pale tulipostahili, ambapo ni mara nyingi. Zuzu kupate mvua ya kutosha, nyumba yako ijae wageni wanaofika kwa wakati, na Mungu akupe uzee wenye afya, usingizi mzuri na majirani wenye ndizi. Tutakukosa sana, na Alhamisi tutakukosa zaidi.

Sasa tumefika kwenye ile sehemu ya ratiba. Sista alisema makofi atayapokea, ila kwanza anaomba kusikia kilichomfanya abaki Dodoma. Wagonjwa wake wameketi safu za mbele, na wasikilizaji wao kando yao. Erica yuko kiti cha kwanza kushoto, na Anjelina yuko begani kwake kama kawaida. Madirisha yatafungwa kwa ajili ya upepo, na muziki utazimwa. Tunaomba simu zenu mzizime pia. Saa ya ukutani tumeiondoa tangu asubuhi, ili kusiwe na shaka kwamba mtakachosikia ni wao.

Cornel
Chumba cha eko, kitengo cha moyo